Karatasi ya Ugeni

Alhamisi, 3 Oktoba

Ndugu Sabiri kanipa shajara ya benki, ya mwaka huu huu, miezi tisa imeshapita na haina hata mstari mmoja. "Chukua, Uweso. Wewe una mwandiko mzuri kuliko sisi wote," kasema. Kweli ninao. Darasa la saba la zamani si mchezo.

Basi. Mimi ni Uweso Mbaruku, bawabu wa Nyumba ya Fanusi, hapa Chumbageni, mwaka wa ishirini na saba huu. Kazi yangu kufungua mlango, kufunga mlango, na kumjua nani ni Ndugu wa Fanusi na nani ni mpita njia. Chama chenyewe kilianzishwa na makarani wa reli na walimu, Waislamu na Wakristo pamoja, kabla ya uhuru. Kila tarehe tisa Desemba, siku ya uhuru, hutoa zawadi kwa taifa. Hawajakosa hata mwaka mmoja.

Na kazi nyingine, nafuta picha. Ziko kumi na nne ukumbini, za Ndugu waliotajika nchi nzima, na chini ya kila moja kuna kibao cha shaba: ALITOA. Marehemu Jaji Suleimani, ALITOA KISIMA. Masoud golikipa, ALITOA MEDALI ZAKE, ziliuzwa, watoto wa shule ya Usagara wakapata madawati. Kanali Zabron, mkuu wetu wa sasa, ALITOA MABLANKETI kwa majeruhi wa vita vya Kagera. Mzee yu hai bado, na kila akija husimama mbele ya picha yake kidogo, ati anarekebisha miwani.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimefuta picha. Joto la kuoka mkate.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Chumba chetu cha uani kimevuja mahali pale pale, juu ya miguu ya Mwamvua. Mke wangu ana miguu inayovimba, hafiki mbali, halafu paa linamfuata kitandani! Nimetega ndoo. Kanuna. "Waungwana wako wanatoa kwa taifa kila mwaka," kasema, "siku moja na watoe bati moja." Nikamwambia anyamaze, watu wakubwa wana mambo makubwa. Ulimi wa mwanamke huyu!

Jumatano, 16 Oktoba

Leo sijui niandikeje. Mkutano wa Ndugu ulianza saa nne asubuhi, mimi mlangoni na fimbo yangu kama kawaida. Saa sita Sabiri akatoka peke yake. Sabiri ndiye katibu, mwalimu mkuu mstaafu, na katika wote hawa ndiye rafiki yangu. Mamake alipolala kitandani miezi minane, mimi na Mwamvua ndio tuliokuwa tukimgeuza na kumpa uji, yeye akiwa safarini na mambo ya chama. Hilo hajalisahau, hulisema mbele za watu.

Akanishika mabega. "Uweso, wamekubali. Wote. Unavishwa tarbushi."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Bawabu hajawahi kuwa Ndugu tangu nyumba hii ijengwe. Bawabu hubaki mlangoni mpaka afe, kisha hutafutwa mwingine. Nikamwuliza, "Mimi? Na hii kanzu yangu ya viraka?" Akacheka, machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Wazee wawili tunalia kizingitini kama tumefiwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwambia Mwamvua. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa. "Na tarbushi hiyo, tukiiweka juu ya paa, itaziba?"

Yeye heshima haioni mpaka iwekwe sahanini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sabiri kanieleza mambo ya kiapo. Kila anayeingia huja na karatasi ya ugeni. Ni karatasi ya kitu kinachomfanya mgeni mbele ya Ndugu, na huichoma kwa moto wa fanusi, mbele yao wote. Wengi huandika tu jina lao la zamani. Kanali Zabron alichoma kadi ya chama cha wapinzani wetu wa mpira, hadithi hiyo huisimulia kila mwaka.

"Wewe lete ile barua ya Jaji," Sabiri kasema.

Barua ya Jaji ni ya mwaka nilipoanza kazi. Marehemu aliiandika kwa mkono wake na kuipiga muhuri wa Fanusi: Uweso Mbaruku ni mtumishi wa nyumba hii, naye na mkewe Mwamvua wakae chumba cha uani mpaka wa mwisho wao atakapofariki, wala asiwatoe mtu. Naijua kwa moyo.

Nikamwambia Sabiri, hiyo ndiyo barua ya kukaa kwetu. Akaniwekea mkono begani. "Uweso, utakuwaje Ndugu yangu na huku umeshika barua ya utumishi? Hiyo ndiyo ugeni wenyewe. Ndugu kwa Ndugu hawahitaji karatasi."

Kwa kweli maneno yake yalinigusa. Nilijiona mdogo kwa kuuliza.

Ijumaa, 25 Oktoba

Barua ilikuwa katika sanduku la Mwamvua, chini ya kanga zake za harusi. Nimeitoa alipokwenda kliniki ya miguu. Sikumwambia. Angeuliza maswali mia, na kesho ndiyo siku yangu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mimi ni Ndugu.

Nitaandika kila kitu nisije nikasahau. Ndugu ishirini na mmoja walisimama duara. Leo mlango kafungua Sabiri, mimi ndiye niliyebisha! Nilibisha mara tatu kama ninavyowasikia wengine wakibisha miaka yote hii. Kanali Zabron akauliza, "Nani huyo?" Nikajibu, "Mgeni." Akauliza, "Umeleta nini?" Nikajibu, "Ugeni wangu." Sikujikwaa hata neno.

Fanusi lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa kioo. Nikaishika barua kwa koleo. Ilishika moto haraka, karatasi ya zamani ni kavu. Muhuri ndio uliochelewa, ukatoa moshi mweusi. Kanali akauliza tena, "Nani huyo?" na wote wakajibu kwa sauti moja, "Ndugu!" Wakanivika tarbushi nyekundu yenye kishada cheusi. Nikakaa kitini. Miaka ishirini na saba nimevipanga viti vile, leo ndiyo mara ya kwanza kukikalia kimoja. Ni vigumu, wallahi, vinaumiza mgongo.

Biriani ililetwa. Nikampelekea Mwamvua sahani. Alinitazama na tarbushi yangu, akatabasamu kidogo. "Umependeza," kasema. Hajaniambia hivyo tangu enzi za ujana.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sokoni kila mtu "Ndugu Uweso, Ndugu Uweso". Muuza samaki kanipunguzia bei bila kuombwa. Mchana akaja mpiga picha. Picha ya nini? Sabiri kasema, "Ya ukutani, bwana!" Nimeshindwa kula.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua siku ya pili mfululizo. Ndoo mbili sasa.

Jumamosi, 9 Novemba

Sabiri kasema nisifungue mlango tena wala nisipokee ujira, maana kanuni ya kumi na moja inakataza Ndugu kuwa mtumishi au mpangaji wa nyumba. Nikamwuliza nani atafungua. Kasema tutaona. Nimefungua hivyo hivyo. Mikono imezoea.

Jumanne, 12 Novemba

Picha ya kumi na tano imetundikwa. Mimi! Baina ya Masoud golikipa na Daktari Asheri. Kibao chake kimefunikwa kwa gazeti na gundi, kitafunuliwa tarehe tisa. Neno ALITOA linaonekana kwa mbali, mengine hayasomeki. Mwamvua aliletwa akaangalia, akauliza, "Na wewe ulitoa nini?" Nikamjibu labda ni miaka yangu ya mlangoni. Akasema, "Hiyo kweli ulitoa."

Nimejifuta vumbi mwenyewe. Nilicheka peke yangu ukumbini.

Jumatano, 20 Novemba

Saa tatu asubuhi kaja mama mmoja wa afya na futi ya kupimia, jina lake Bertha, mtu mwenye adabu. "Shikamoo baba." Marahaba mwanangu. Nikamfungulia, akapima ukumbi, akapima ofisi, kisha akaja uani. Akaingia chumbani kwetu na viatu mkononi, kwa sababu ya tope, akaweka futi kutoka kitandani kwa Mwamvua hadi dirishani.

"Hapa patatosha vyoo viwili vya wagonjwa na mahali pa kunawia," akasema, huku akiandika.

Mwamvua akauliza, "Wagonjwa gani, mama?"

Bertha akashangaa. "Si nyumba inakuwa kliniki ya mama na mtoto? Ndiyo zawadi ya Ndugu wa Fanusi kwa taifa mwaka huu." Akanigeukia. "Baba, wewe si ndiye Ndugu Uweso? Mimi nilidhani nimekuja kukushukuru."

Akatoa barua kwenye faili. Iliandikwa na Sabiri, mwandiko wake naujua, ile S yake ya mkia. Nyumba nzima inatolewa. Na mstari wa nne: Ndugu Uweso Mbaruku, kwa uzalendo wa pekee, ametoa makazi yake na ya mkewe bila kudai chochote. Waondoke kabla ya katikati ya Desemba.

Nikaisoma mara ya pili nikidhani macho. Mwamvua akasema, "Soma kwa sauti." Nikasema ni mambo ya ofisi. Akasema, "Uweso, soma kwa sauti." Nikasoma.

Hakupiga kelele. Alitambaa na miguu yake mpaka kwenye sanduku, akatoa kanga moja moja, zote, akaziweka sakafuni penye unyevu, kanga za harusi. Akapapasa chini. Kisha akakaa tu na mkono ndani ya sanduku.

"Iko wapi?"

Nikamwambia.

"Umeichoma." Akarudia, "Umeichoma. Ile ilikuwa na jina langu, Uweso. Katika dunia hii karatasi yenye jina langu ni ile moja."

Bertha maskini alikuwa bado kasimama na viatu mkononi.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimekwenda kwa Sabiri kwake. Kanikaribisha chai, nimekataa. Sijawahi kukataa chai ya mtu huyu.

"Ulijua," nikamwambia. "Uliponiambia lete barua ya Jaji ulijua."

"Nilijua nini?"

"Usinifanye mtoto, Sabiri!"

Akakoroga chai isiyo na sukari. Kisha akaanza ualimu wake. Nyumba imechakaa, Ndugu wazee, wengi wako Dar, hawana nguvu ya kuitengeneza. Serikali haipokei nyumba yenye mkaaji mwenye haki. Na barua ya Jaji ilikuwa haki, wanasheria wamewaambia hivyo. "Sasa tungefanyaje, Uweso? Tukufukuze? Mimi nikasema, hapana, mtu huyu amenitunzia mama yangu, hatufukuzi. Tumfanye Ndugu! Atoe kama sisi tunavyotoa. Nilikupigania! Wengine walisema bawabu hawezi kukaa ukutani na Jaji."

"Mngeniuliza."

"Ungekubali?"

"Sijui! Hamkuniuliza!"

"Basi," akasema, kana kwamba nimemjibu. "Jina lako liko kwenye shaba, bwana. Watu wanalilia hilo maisha yao yote na hawalipati."

Toba yarabi. Mwenyewe anaamini. Angekuwa mwizi tu ningejua la kumfanya. Lakini huyu ananitazama anangoja nimshukuru. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa akiniita mwanangu. Afadhali amekufa." Nikatoka. Nilijuta kulisema, mpaka nilipofika barabarani, hapo nikaacha kujuta.

Jumatatu, 25 Novemba

Kanali Zabron kanisikiliza huku akinishika mkono, mzee mwenye huruma, kisha kasema, "Lakini mwanangu, si uliichoma mwenyewe? Mimi nilikuwa natazama." Nikaondoka. Mvua kutwa.

Jumatano, 27 Novemba

Sijafuta picha. Vumbi liwale.

Ijumaa, 29 Novemba

Bertha karudi na panadoli na dawa ya kupaka miguu ya Mwamvua. Wamekaa wawili, wakazungumza mambo ya kike. Nikamsikia Mwamvua akimwambia mimba zake tatu zilitoka humu humu chumbani, na ya mwisho alitembea mpaka hospitali ya Bombo na damu miguuni. "Mimi kliniki siikatai, mwanangu. Ijengwe. Ningekuwa nayo mimi, ningekuwa na watu wazima sasa. Nakataa kutolewa kama kuku wa sadaka."

Sikujua kama bado anaihesabu ile ya tatu. Nilidhani tulikubaliana kuisahau.

Bertha akasema iko njia. Mgeni rasmi wa tarehe tisa ni mama mkubwa kutoka wizarani, na hapendi mambo ya uonevu. Akisikia mbele ya watu kwamba kuna wazee wanatolewa bila pa kwenda, hatapokea funguo mpaka Ndugu wawatafutie chumba. "Nitamwomba akuulize mwenyewe, baba. Lakini lazima utamke. Mimi siwezi kutamka kwa niaba yako, jina lako liko kwenye barua kwamba umeridhia."

Jumapili, 1 Desemba

Mwamvua ananifundisha. "Sema: mheshimiwa, sikuulizwa, na hatuna pa kwenda." Ananisahihisha sauti. "Usiangalie chini." Jana tumecheka, nilipojiita mheshimiwa kwa makosa. Mke huyu nimemwona mkorofi miaka mingi, kumbe ni mimi niliyekuwa simsikii.

Alhamisi, 5 Desemba

Sikuulizwa, na hatuna pa kwenda. Nimeisema kisimani, nimeisema nikinyoa ndevu.

Jumatatu, 9 Desemba

Naandika kwa sababu nikilala bila kuandika nitajidanganya kesho.

Kulikucha na jua. Turubai uwanjani, viti vya plastiki, matarumbeta. Wanawake wajawazito waliletwa, wakakalishwa mstari wa mbele na fulana za sherehe. Ndugu wa Fanusi wote wamevaa tarbushi, hata wa Dar. Mwamvua alikaa ubavuni na Bertha, kajifunga kanga yake ya harusi iliyoingia doa la tope, kaikunja doa lisionekane.

Wakafunua kibao changu. ALITOA MAKAZI YAKE. Watu wakapiga makofi. Sabiri akasoma majina ya wote wa ukutani, tangu Jaji, na la mwisho langu. Sauti ilimkwama aliponitaja. Kweli ilimkwama, haikuwa ya kujitia.

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti. Ni mama mnene wa upole, hamtazami mtu juu juu. Akasema, "Kabla sijapokea funguo, namtaka Ndugu Uweso." Nikapelekwa mbele. Akanishika mkono, akauliza, mbele ya wote, taratibu: "Baba, wewe na mama mmetoa kwenu. Niambie ukweli. Mnapo pa kwenda?"

Hata wapiga matarumbeta wakageuka kunitazama.

Nikamtazama Mwamvua, kanikazia macho, midomo yake inatamka nami. Nikawatazama Ndugu. Kanali Zabron kajishikiza kwenye fimbo, mzee wa watu, mdomo wazi. Sabiri kainamisha kichwa, jasho linamtiririka chini ya tarbushi, na nikaona anajua nitakalosema na amekubali kuaibika. Na wale wanawake na matumbo yao, wanangoja. Wapiga picha wamenielekea. Na mimi kichwani nina tarbushi.

Nikasema, "Nina kwangu, mheshimiwa."

Sijui ilitoka wapi. Yaani najua. Tangu utoto tumefundishwa kutomvua mtu nguo mbele ya mgeni, na ulimi ulitangulia kabla yangu. Na kuna jambo jingine baya zaidi, nitaliandika pia: niliona haya. Kusema mbele ya umma, na tarbushi kichwani, kwamba sina nyumba. Nilitaka niwe yule mtu wa kwenye shaba, dakika ile moja tu.

Makofi yalikuwa makubwa. Funguo zikatolewa. Sabiri akaja akanikumbatia, akanong'ona, "Allah akulipe, ndugu yangu," analia. Nikamwacha anikumbatie.

Nilipogeuka, kiti cha Mwamvua kilikuwa kitupu.

Jumanne, 10 Desemba

Hasemi. Anapika, ananipakulia, hasemi.

Jumatano, 11 Desemba

Nimemwomba radhi. Akaendelea kupepeta mchele.

Ijumaa, 13 Desemba

Sabiri kaleta mchele kilo tano na picha za sherehe. Mwamvua kazipokea, kamshukuru kwa adabu zote, kampa na kiti. Mimi ndiye asiyesemeshwa.

Jumapili, 15 Desemba

Shemeji yangu Hasina, mdogo wake Mwamvua, kafika saa mbili asubuhi kutoka Muheza na kirikuu, kigari chake cha kubebea machungwa, kimeoshwa lakini kinanuka machungwa bado. Nilidhani tunakwenda sote. Nilibeba kitanda, nikabeba sanduku, nikafunga jiko kwa kamba. Nikampandisha Mwamvua mbele kwa kumshika kiuno, akakubali kushikwa. Nikakunja kanzu nipande nyuma, kati ya vyombo.

"Wewe wapi?" Mwamvua akauliza. Neno la kwanza kwa siku sita.

Nikasema, "Muheza. Kwa Hasina."

Hasina akatazama usukani. Mwamvua akafunga mlango wa gari pole pole, hakuupiga, kioo kilikuwa kimeshushwa. Sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo, ilikuwa ile ya kumwelekeza mtu njia.

"Si una kwako, Uweso? Umemwambia mgeni, tumesikia wote. Nenda kwako."